Kisu Ndani ya Lori

Zamani kidogo, mtu wa Tukuyu hakununua nyama kabla ya kuuliza. Alifika buchani, akalitazama paja lililoning'inia, akalibonyeza kwa kidole, kisha akamgeukia muuzaji: "Kachinja nani?" Akiambiwa Hafidhi, alifungua fundo la kanga au alitia mkono mfukoni. Akiambiwa jina jingine, ghafla alikumbuka kwamba nyumbani kuna maharage. Wala usidhani waliouliza walikuwa Waislamu peke yao. Waislamu wa mji ule ni wachache tangu hapo, watu wa maduka, cherehani na mikahawa. Waliouliza zaidi walikuwa Wakristo wa Kawetele na Lufingo, ambao babu zao walizoea kula nyama iliyochinjwa na Mwislamu ili jirani yeyote akipita aweze kukaribishwa, na mazoea yana tabu.

Hafidhi bin Fikirini alikuwa mchinjaji wa machinjio ya soko. Babu yake alitoka Kilwa, akaja kumshonea Mjerumani suruali, akaoa, akashindwa kurudi. Baba yake ndiye aliyeshika kisu, na mkono ulipoanza kumtetemeka alimkabidhi mwanawe mbele ya wazee wa msikiti kwa maneno machache: uhai wa mnyama kautoa Mungu, na wewe unauchukua kwa jina la huyohuyo Mungu, kwa hiyo usiuchukue kama mwizi. Hafidhi aliyashika maneno hayo kuliko alivyoyashika mambo mengine mengi ya dini. Swala ya alfajiri ilimpita mara kwa mara, na mkewe Biubwa alikuwa shahidi.

Kisu alikinoa nyuma ya ukuta, ng'ombe wasisikie jiwe. Aliwanywesha maji kwenye nusu ya pipa, hata kama mwenye ng'ombe alikuwa anahema kwa haraka zake. Aliwaingiza mmoja mmoja, na damu ya wa kwanza iliondolewa kwa maji kabla ya wa pili kuletwa. Aliyekunja mkia wa ng'ombe ili atembee alifukuzwa. Akishakata, alisimama palepale mpaka jicho la mnyama litulie, na mchuna ngozi aliyesogea mapema alipigwa kofi la kweli, si la utani. "Mwache amalize," ndivyo alivyokuwa akisema. Wachunaji walimwita Bwana Amalize, lakini wakiwa mbali naye.

Alikuwa na kiburi, na lazima kisemwe. Alipopita sokoni watu walimpisha njia, naye alipenda kupishwa. Wahenga wanasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Wahenga hao hawakufika Tukuyu, maana Hafidhi mwenye kisu kikali kuliko wote alipewa shingo na kichwa, na minofu ililiwa na wengine. Hakujali. Jina lake lilitajwa kila penye chungu cha nyama, na mtu anaweza kushiba jina kwa muda mrefu sana.

Kisha ikaja ruksa, kila mtu akaruhusiwa kufanya biashara. Wazee mnaikumbuka: jana sabuni inatafutwa kama dawa, leo imejaa hadi milangoni, mitumba imetandazwa chini kama mavuno, na kila aliyekuwa karani anataka kuwa mfanyabiashara. Mabucha yakaota kila kona. Zamani ng'ombe wa nyama walitoka bonde la Usangu kwa miguu, wakilala njiani, wakila majani na kunywa kila mto waliouvuka, wakafika Tukuyu wamechoka lakini wazima. Sasa walipandishwa kwenye lori.

Lori la kwanza la ng'ombe lilikuwa la Ambwene, mtu wa Kisondela, mnene, mcheshi, mzee wa kanisa, mwenye kicheko kinachokufanya nawe ucheke kabla hujajua unacheka nini. Alikuwa na mabucha mjini na wateja mpaka Kyela. Tatizo lake lilikuwa njia. Ng'ombe walitoka kwenye joto la Usangu, wakapanda mlima wa Uyole, wakakutana na ukungu na baridi ya Isyonje, wamebanana, wana kiu, sakafu inateleza. Mmoja akianguka, wenzake walimkanyaga mpaka akafa. Na aliyekufa bila kuchinjwa ni kibudu. Hakuna aliyekuwa tayari kumla, Mwislamu kwa dini yake, Mkristo kwa mazoea yake. Ambwene alitupa kibudu baada ya kibudu korongoni, akarudi nyumbani hacheki.

Ndipo alipokuja kwa Hafidhi na sukari, na kitenge cha Biubwa, akakaa kwenye kigoda kana kwamba amezoea.

"Mzee Hafidhi," alisema, "mimi nimekuja kwa sababu ya huruma yako. Mji mzima unaijua. Wanyama wanateseka njiani, wanakufa kifo kibaya, na mimi mwenyewe moyo unaniuma. Wewe unawahurumia wakishafika. Kwa nini usiende ukawahurumie hukohuko njiani?"

Hafidhi aliguswa. Mtu akisifiwa kwa lile hasa analojisifia moyoni, huwa hana kinga. Alipotoka mgeni, Biubwa alikunjua kitenge, akakitazama pande zote mbili.

"Baba Fikirini, huyu ana lake," alisema, akimwita kwa jina la mwanao aliyerithi jina la babu.

"Ana nini? Anataka ng'ombe wasife vibaya."

"Anataka wasife bure," alisema Biubwa, akakikunja kitenge na kukiweka sandukuni. Hakukirudisha, maana kilikuwa kizuri.

Basi Hafidhi akaanza kusafiri na lori. Walimwekea ubao nyuma ya kibanda cha dereva, juu ya vichwa vya ng'ombe, akae pale na kisu chake kiunoni, pamoja na Nsajigwa, kijana wa miraba minne aliyekuwa akipakia na kuinua. Ng'ombe akilala chini, Nsajigwa alimkunja mkia. Asipoinuka, alipakwa pilipili machoni. Akishindwa kabisa, dereva alipigiwa bati, lori likasimama, na Hafidhi akashuka katikati ya miguu na kwato, akapapasa koo gizani chini ya matumbo, akataja jina la Mungu, akakata.

Mara ya kwanza alivua koti akajaribu kuwafunika macho ng'ombe waliokuwa karibu wasione. Nsajigwa alicheka mpaka akashika ubao. Ungemfunika yupi umwache yupi? Wote walikuwa wanaona, wote walinusa damu, na damu yenyewe ilitiririka sakafuni, ikafanya wengine wateleze. Aliyeteleza akaanguka, na aliyeanguka akahitaji kisu. Siku nyingine Hafidhi alishuka kumchinja mmoja, akapanda ubaoni baada ya kuchinja wengi. Alifika Tukuyu kanzu imeganda kwa damu, na Biubwa aliifulia mbali na nyumba.

Alijifariji. Bora kisu kuliko kwato. Kwa kila aliyemkata alijiambia kwamba amempunguzia, na kwa kweli alikuwa amempunguzia. Lakini jambo moja lilikuwa likimsumbua: kila safari walikuwa wanaanguka zaidi, na yeye hakuelewa, maana njia ilikuwa ileile na dereva yuleyule.

Aliyemfumbua macho ni Nsajigwa, tena bila kukusudia. Walikuwa wamekaa mnadani asubuhi wakingoja kupakia, wanakula muhogo. Hafidhi akawatazama ng'ombe waliokuwa wametengwa kwa ajili ya safari, akasema hawa hawaenei.

"Wanaenea, tata," alisema Nsajigwa. Kwa Kinyakyusa tata ni baba, na kijana yule alimwita hivyo kwa heshima. "Zamani ndiyo tulikuwa tunapakia kwa kuogopa. Akianguka mmoja, hasara. Bosi alikuwa anatuambia, acheni nafasi, acheni nafasi! Sasa anasema pakieni tu, Hafidhi yumo."

Hafidhi aliuweka muhogo chini. "Amesema hivyo?"

"Kila safari anasema. Umetusaidia fijo, sana. Na maji siku hizi hatuwapi, ni kupoteza muda."

Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Hafidhi kilikuwa kimening'inia kiunoni ndani ya ala ya ngozi. Ile huruma yake ndiyo iliyokuwa nafasi ya ng'ombe wa ziada. Kama asingekuwemo, wangepakiwa wachache, wangesimama vizuri, wangefika. Yeye ndiye aliyefanya mateso yawe na faida.

Alimwendea Ambwene palepale, akamwambia apunguze ng'ombe na awape maji. Ambwene alikuwa akizungumza na wauza ng'ombe, akamshika bega.

"Mzee wangu, gari langu, ng'ombe wangu, dizeli yangu. Wewe kazi yako ni bismillahi."

"Basi nisikilize," alisema Hafidhi, mbele ya watu wote wale. "Leo atakayeanguka simkati. Atakufa kibudu, na hasara ni yako. Utajifunza kupakia."

Ambwene alimtazama kidogo, kisha akacheka kile kicheko chake. "Haya, mzee. Tutaona."

Wakapakia. Hakupunguzwa hata mmoja.

Aliyeanguka alikuwa jike jekundu lenye doa jeupe kwenye paji la uso. Alivumilia joto lote la bondeni, akavumilia mlima wa Inyala, lakini lori lilipokata kona ya Uyole kuelekea Tukuyu, miguu ya mbele ikamwisha. Alipiga magoti kwanza. Nsajigwa akamkunja mkia, akampaka pilipili, yule ng'ombe akajaribu kuinuka, akateleza, akalala ubavu, na dume moja likamkanyaga mguu wa nyuma. Mlio wa mfupa ulisikika juu ya mngurumo wa lori.

Nsajigwa akapiga bati. Lori likasimama. Akamgeukia Hafidhi, akamwonyesha njia ya kushukia, kama siku zote. Hafidhi hakuondoka ubaoni.

"Tata, huyo hapo."

"Nimemwona."

"Hainuki huyo."

"Najua. Mwambie bosi wako."

Ambwene alitoa kichwa dirishani. Alipoambiwa mzee kakataa, hakugomba wala hakubembeleza. "Twende," alimwambia dereva, na kioo kikapanda.

Hapo ndipo kisu kingetoka kwenye ala, kama Hafidhi angekuwa mtu mwingine. Yeye alikuwa amesema neno mbele ya watu, na juu ya neno alikuwa na hoja. Huyu mmoja, alijiambia, ateseke kwa ajili ya wote watakaokuja. Akifa huyu, Ambwene atapoteza, akipoteza atapunguza, akipunguza watafika wazima. Hesabu nzuri kabisa, ila ng'ombe hakuulizwa.

Lori lilipanda kwenye ukungu. Kila lilipoyumba, ng'ombe waliyumba nalo, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuweka kwato waliziweka juu ya yule jike. Walimkanyaga tumbo, walimkanyaga chuchu, mmoja alimkanyaga taya. Mwanzoni alilia. Kisha sauti ikageuka kuwa mkoromo, na kila pumzi ilitoka na povu jekundu. Isyonje baridi ilikata, mvuke ukapanda kutoka migongoni mwa ng'ombe, na jicho lake moja, lile lililokuwa juu, lilikuwa limemtazama Hafidhi. Pengine halikuwa likimtazama. Pengine limebaki wazi tu. Hafidhi hakuweza kujua, na hakuweza kuliacha.

Mara mbili mkono wake ulikwenda kiunoni wenyewe. Mara mbili akaurudisha, akaukalia.

Walipofika Ntokela, Nsajigwa, yule mpakaji pilipili, yule mkunja mikia, alianza kulia. "Tata, kata," alisema. "Kata, nakuomba. Mimi nitamwambia bosi amekufa mwenyewe. Kata tu atulie." Hafidhi alitikisa kichwa. Nsajigwa akalia kwa Kinyakyusa, akamtaja mama yake, akamtaja Yesu. Kisha akanyamaza, akageuza uso akatazama viazi vya watu kando ya barabara. Hafidhi ndiye aliyebaki anatazama. Alijilazimisha kutazama, kana kwamba kutazama ni malipo.

Jike lile lilikufa Kiwira, lori likiwa linakaribia daraja. Bwana Amalize alimwacha akamaliza.

Tukuyu waliingia kabla ya adhuhuri. Hafidhi alishuka machinjioni. Alimwona Ambwene amesimama karibu na mzoga na uso wa msiba, akasema moyoni kwamba sasa imemwingia. Alikwenda nyumbani bila kuzungumza na mtu, akanawa, akajitupa kitandani, akalala usingizi mzito wa mtu aliyeshinda vita.

Alipoamka alisikia harufu ya mchuzi. Biubwa alikuwa jikoni, amepiga magoti mbele ya moto.

"Leo nyama yako nyeusi," alisema bila kugeuka. "Nimeosha, nimeosha, maji hayatakati. Lakini ilikuwa inagombewa, nikasema nisikose."

"Nyama ya wapi?"

"Kwa Ambwene. Wanasema umemchinja mwenyewe njiani. Nsajigwa ndiye alikuwa akikata, nilimwuliza, akasema ndiyo."

Hafidhi alikipiga teke chungu kikapinduka motoni. Biubwa alipiga yowe, lakini yeye alikuwa tayari barabarani, bila viatu, bila kofia. Maana yote yalikuwa wazi kabla hajafika sokoni. Koo lilikuwa limekatwa baada ya kufa, na Tukuyu nzima ilikuwa imemwona Hafidhi akishuka kwenye lori lile na kisu kiunoni. Nani angeuliza zaidi? Siku hiyo swali lao la kila siku lilikuwa na jibu kabla halijaulizwa.

Buchani palikuwa na foleni. Wanawake wa Kiislamu walikuwemo, na mwenye mkahawa karibu na stendi alikuwa tayari ameondoka na mguu mzima.

"Hiki ni kibudu!" Hafidhi alipaza sauti. "Msinunue! Sikumchinja mimi! Alikufa Kiwira!"

Watu waligeuka. Mama mmoja alidondosha kifurushi chake. Ambwene alitoka nyuma ya bucha akifuta mikono, hakuwa na hasira hata kidogo.

"Mzee Hafidhi, taratibu. Hukuwemo garini?"

"Nilikuwemo!"

"Kisu hukuwa nacho?"

"Nilikuwa nacho, lakini..."

"Ng'ombe alipoanguka alikuwa amekufa?"

Hafidhi alifungua mdomo. Foleni nzima ilikuwa ikimngoja. "Alikuwa hai," alisema.

"Basi jamani," Ambwene aliwageukia watu, na sauti yake ilikuwa ya huzuni ya kanisani, "mimi nimlaumu nani? Nilikaa mbele na dereva. Mchinjaji wenu alikaa nyuma na ng'ombe."

Alasiri hiyohiyo wazee wa msikiti walikutana barazani, na Sheikh Mwinjuma, mzee mtaratibu aliyempenda Hafidhi tangu utoto, ndiye aliyeuliza. Ambwene aliitwa, akaja na kofia mkononi, akakaa mwisho wa jamvi kwa adabu. Nsajigwa naye aliletwa. Alipoulizwa nani alikata koo la mzoga, alimtazama bosi wake, akatazama chini, akasema hajui. Alipoulizwa kama alimwambia Hafidhi akate ng'ombe akiwa bado hai, alianza kulia upya.

"Nilimwambia. Nilimwambia mpaka sauti ikakauka."

La kwanza lilikuwa uongo na la pili lilikuwa kweli, na kweli ndiyo iliyomwumiza Hafidhi.

"Hafidhi," alisema Sheikh, "alianguka wapi?"

"Uyole."

"Akafa wapi?"

"Kiwira. Kabla ya daraja."

Hapakuwa na mtu pale asiyeijua njia ile, na kila mmoja aliipita kichwani mwake, mlima wote, baridi yote, kona zote, mpaka darajani. Mzee mmoja alisema, "Laa ilaaha," na hakuendelea.

"Kisu kilikuwa butu?"

"Kinanyoa, Sheikh."

"Mkono ulikuwa na maradhi?"

"Hapana."

"Basi tuambie wewe, maana sisi hatukuwepo. Nani kamtesa?"

Hafidhi alieleza. Alieleza ubao, pilipili, maji wasiyopewa, maneno ya mnadani, jinsi kisu chake kilivyokuwa kinawaongeza badala ya kuwapunguza. Alieleza vizuri, na wengi walielewa. Hilo ndilo baya zaidi, kwamba walimwelewa. Sheikh Mwinjuma alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ambwene ataulizwa na Mungu wake jinsi anavyopakia," alisema. "Sisi hatukumpa Ambwene kisu. Tulikupa wewe, ili mnyama aliye mikononi mwako asione mateso. Ulimwona anakanyagwa, unayo dawa kiunoni, ukamfanya fimbo ya kumchapia mtu mwingine. Waliokula bila kujua hawana dhambi. Na sisemi utakachochinja wewe ni haramu, Hafidhi. Nasema watu wa msikiti huu hawatakila."

Hafidhi akafungua mkanda. Alikiweka kisu jamvini pamoja na ala yake, na hakuna aliyekigusa mpaka alipoondoka.

Ambwene alibaki nyuma kidogo. Aliwashukuru wazee, akasema yeye si msomi wa mambo ya dini, ila anaomba apewe mchinjaji mwingine, mtu mwenye huruma. Akapewa wawili, ili mmoja akikataa, wa pili awepo. Na kwa kuwa visu sasa vilikuwa viwili, safari iliyofuata walipandisha ng'ombe wengi kuliko siku zote.

Hafidhi hakuweza kuishi mjini. Hakuna aliyempisha njia tena. Walimkwepa, na hilo ni jambo jingine. Walihamia Kawetele kando ya barabara kuu, Biubwa akapika mandazi, yeye akalima migomba ya mtu. Mwanawe Fikirini aliyekuwa Dar es Salaam akiuza mitumba aliandika kwamba habari zimefika mpaka Kariakoo. Lori la Ambwene lilipita kila wiki. Hafidhi alilijua kwa mlio, akawa anaingia ndani linapokaribia, akakaa kitandani akaziba masikio.

Siku moja halikupita. Lilipasuka tairi mbele ya kibanda cha mandazi, asubuhi ya mvua, likainamia upande mmoja, na ng'ombe wote wakamiminikia upande ule. Nsajigwa alifungua mlango wa nyuma ili kuwapunguza, na ndama dume mkubwa akaanguka kutoka juu, akashukia shingo na bega kwenye mawe ya kando ya barabara. Hakufa. Alilala anapiga miguu miwili, miwili mingine imekufa, na ulimi umetoka kwenye matope.

Nsajigwa alimwona Hafidhi mlangoni. "Tata!" aliita. Alisahau yote. "Njoo, kata!"

Na Hafidhi alikwenda. Hakufikiri. Alichukua kisu cha Biubwa cha kukatia ndizi, akakipitisha mara mbili kwenye jiwe la mlangoni, akakificha nyuma ya mgongo, akakimbia, akapiga magoti kwenye matope, akaigeuza shingo ile polepole, akaweka kiganja juu ya jicho.

"Usimguse!" Ambwene alikuwa ameteremka kutoka mbele, mwavuli mkononi. "Wewe mzee, toa mkono! Ukimkata wewe atakula nani?"

"Anateseka."

"Wachinjaji wangu wanakuja. Wameshuka Kiwira kunywa chai, wako kwenye gari la nyuma. Ngoja."

Nsajigwa alisema, "Bosi..."

Hafidhi alibaki amepiga magoti. Angeweza kukata. Ila mnyama angekuwa kibudu machoni pa mji mzima, angetupwa korongoni, na Ambwene angenunua mwingine wa kuziba pengo lake, naye angepandishwa lori hilohilo. Aliwaza hivyo, kisha akagundua kwamba yuko tena palepale, anapiga hesabu juu ya mnyama anayekufa. Akapeleka kisu kooni. Ambwene akamkanyaga mkono kwa kiatu, si kwa nguvu, kiasi cha kuuzuia tu, akakiokota kile kisu cha ndizi na kumrudishia Biubwa aliyekuwa amesimama na ndoo.

Biubwa alimwagia yule ng'ombe maji mdomoni. Yalitokea upande wa pili. Hafidhi aliendelea kumfunika jicho kwa kiganja na kumsemesha kwa sauti ndogo, maneno yale aliyokuwa akiwaambia ng'ombe machinjioni, na mvua ikawanyeshea wote. Watu wa Kawetele walikusanyika. Ambwene, chini ya mwavuli wake, aliwaonyesha kwa kidevu.

"Mwangalieni," alisema, na kicheko chake kikawafanya wawili watatu wacheke. "Leo ndiyo ana huruma."

Gari la nyuma lilichelewa. Lilipofika, wakashuka vijana wawili wenye kofia safi, mmoja akitafuna, wakauliza kuna nini. Yule asiyetafuna alichomoa kisu, akakikagua kwa kidole, akaja akasimama juu ya Hafidhi.

"Pisha, mzee," alisema.

Hafidhi akapisha.